Ndoo ya Ihumwa

Nzuguni, Dodoma
Jumatano, 13 Novemba

Kwako Kaka Mbaruku,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, pamoja na Shemeji Salma na mwanangu Yusra, na kwamba baridi ya huko mmeanza kuizoea. Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima. Goti la kushoto bado linamsumbua anapoinuka kwenye mswala, ila dawa ya kuchua uliyomwachia haijaisha. Maji ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa. Mvua bado hatujaiona.

Najua utashangaa kupewa bahasha na dereva wa basi wakati namba yako ninayo. Simu hukatika mtu akichoka kusikiliza, na mimi nina jambo ninalotaka lisikilizwe mpaka mwisho. Tena kuna karatasi nimeibana kwa pini nyuma ya barua hii, nayo haiwezi kupita kwenye simu. Utaifikia.

Nikuambie mapema kwamba nina hasira. Nimeandika habari miaka ishirini na sita. Nimesimama kwenye ajali za mabasi na kwenye nyumba zilizobomolewa vyombo vikiwa ndani, na kila mara niliandika kwanza, hasira ikafuata nyumbani. Safari hii imetangulia. Kwa hiyo nitaeleza mambo kwa mpangilio wa yalivyotokea, nisije nikakuharibia habari.

Unakumbuka nilivyoanza kumsaidia Kanchan, mjane wa marehemu Vithaldas, mwenye duka la nondo na saruji kule mjini. Ulipopata habari ulinicheka mbele ya wageni, ukasema wenzangu wakifika miaka hamsini huwaza Hija, mimi nimehamia kwa mbwa. Nami nilicheka. Sasa nataka uijue kazi yenyewe, maana sidhani uliwahi kuuliza.

Tangu ofisi za serikali zihamie huku, watu wanakuja, wananunua viwanja, wanapandisha kuta, wanatafuta mbwa wa kulinda saruji. Uhamisho ukija wanapakia makochi, friji, hata maua ya kwenye makopo. Mbwa anabaki. Wengine wanamfungulia geti aende anakojua. Hao ndio wenye nafuu. Paka nao hufungiwa ndani ya nyumba za kupanga, mwenye nyumba akaja na ufunguo baada ya wiki mbili akapokewa na harufu. Sisi tuko watu tisa. Tunawachukua, tunawapeleka kwa Anastazia, afisa mifugo, awachome sindano, halafu kila mmoja wetu anakaa nao nyumbani kwake wiki chache mpaka wapone. Paka huenda Kibaigwa kwenye maghala ya mahindi, ambako panya hawajawahi kupungua. Mbwa huenda Kongwa kwa wafugaji wa mbuzi, ambako fisi nao hawajawahi kupungua.

Tuna sheria moja, na tuliipata kwa taabu. Mbwa hasafiri bila karatasi yenye sahihi ya mwenyewe kwamba amemwachia. Mwaka jana tulimtoa jike mmoja kwenye ua mtupu, tukampeleka Kongwa kwa Edina, mama mwenye mbuzi themanini na mdomo mkali. Miezi miwili baadaye mwenyewe alirudi kutoka masomoni, akatushitaki kwa wizi. Kanchan alishikiliwa kituoni siku mbili. Alimwuliza askari aliyekuwa akiandika maelezo kama ameshamhoji mbwa, kwa kuwa shahidi mkuu ni yeye. Askari hakucheka. Tulimrudisha yule jike, na baada ya miezi minne akafa kwenye ua uleule tuliomtoa. Edina alituambia hatamfundisha tena mbwa kuwajua mbuzi wake mmoja mmoja, halafu atokee bwana mwenye funguo za gari kidoleni aje kumdai. Kama hakuna sahihi, alisema, msipoteze hata salio lenu kunipigia.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe.

Jumatatu ya tarehe 21 Oktoba, saa kumi na dakika kumi alasiri, nilipigiwa simu na fundi mwashi aitwaye Zaidi, anayejenga huko Ihumwa, upande wa juu wa reli. Alisema jirani na kiwanja anachojengea kuna pagale lenye ukuta na geti, limefungwa kwa kufuli, na ndani kuna mbwa. Ijumaa alimsikia akibweka. Jumamosi na Jumapili mafundi hawakuwa kazini. Jumatatu kutwa hakusikia chochote, na kimya hicho ndicho kilichomfanya apange matofali, apande, achungulie.

Mimi na Kanchan tulifika saa kumi na moja. Mjumbe wa mtaa alikuwepo, tukaruka ukuta yeye akishuhudia. Tulimkuta mbwa dume, rangi ya njano, mguu wa mbele wa kushoto mweupe, amelala kwenye sakafu ya saruji, mnyororo shingoni. Ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Sinia la ugali na dagaa lilikuwa karibu naye, limeliwa robo tu, maana koo lililokauka halimezi ugali.

Na kulikuwa na ndoo. Hapa nakuomba usome polepole. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya lita ishirini, ya buluu, imejaa maji. Yalikuwa yamepungua vidole vinne tu kwa jua. Mkobani nina futi ya chuma, natembea nayo tangu nilipokuwa naandika habari za barabara mbovu. Nilipima. Mnyororo, pamoja na shingo ya mbwa akijinyoosha mpaka mwisho, ulifika mita mbili na sentimita arobaini. Ndoo ilikuwa kwenye mita mbili na sentimita themanini. Pale mnyororo ulipoishia, kucha zake zilikuwa zimechora nusu duara kwenye sakafu, na kwenye mchoro huo kulikuwa na damu ya nyayo. Kwa siku tatu na saa tano aliyaona maji.

Zaidi hakumjua mwenye pagale kwa jina. Alimwita Bosi, kama mafundi wanavyomwita kila mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alituambia Bosi alikuwa akija jioni baada ya kazi, anajaza ndoo kwenye tangi, anaitua mbali na mbwa, kisha anaisukuma kwa ubao mrefu mpaka imfikie, ili mate ya mbwa yasimguse nguo. Zaidi, ambaye ni Mwislamu mwenzetu, alikuwa akimtania kwamba anamlisha mbwa kama mtu anayechokoa tanuri. Bosi alikuwa akimjibu kwamba Magharibi haimngoji mtu aende akafue. Ubao wenyewe tuliukuta umeegemezwa ukutani.

Ijumaa ile, Zaidi alisema, Bosi alifika saa sita mchana akiwa na kanzu nyeupe, gari likiunguruma nje na mizigo imefungwa juu. Akajaza ndoo, akaitua pale anapoituaga siku zote, akatazama saa, akafunga geti. Ubao hakuugusa. Zaidi alidhani angerudi baada ya swala.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Sisi tumelelewa hivyo hivyo: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hiyo ni sheria ya kuosha chombo. Sijaona mahali iliposemwa kwamba ni sheria ya kumkalisha mnyama mbele ya maji asiyoyafikia.

Ua wa Kanchan ulikuwa na mbwa kumi na saba, hapakuwa na nafasi ya kumi na nane. Nikamleta hapa. Ujue kwamba kabla ya hapo nilikuwa naleta paka tu, kwa kumheshimu Mama. Nilijiandaa kwa vita. Mama alisimama mlangoni, akauliza kama nilichobeba ni mbwa au ni mifupa ya supu. Akasema asivuke kizingiti wala asiusogelee mswala wake. Halafu akaingia ndani, akatoka na bakuli la bati, lile lake la kunawia, akakaa chini na goti lake hilo bovu, akampa maji kwa mkono wake mwenyewe, vijiko vitatu kila robo saa, kama Anastazia alivyoagiza kwa simu. Alipomaliza alikwenda uani akaliosha bakuli mara saba, moja kwa udongo, akihesabu kwa sauti. Amefanya hivyo kila siku tangu hapo. Nilipomwambia kwamba naweza kununua bakuli la mbwa, alinijibu kwamba udongo uko uani na maji yapo kwenye pipa, sasa mimi kinachoniuma ni nini.

Siku tuliyomchukua alikuwa na kilo kumi na tisa. Leo ana ishirini na sita. Tulimwita kila jina tulilolijua, hakugeuza sikio. Na hatulii. Uzio wetu unaujua, michongoma na geti la mabati. Ameuruka mara mbili, tarehe 2 na tarehe 9 mwezi huu. Mara zote mbili nilimkuta Ihumwa, kilomita nane kutoka hapa, amekaa mbele ya geti la lile pagale anatazama kufuli. Mara ya pili Zaidi alikuwa amempa maji kwenye kopo la rangi. Alikunywa, Zaidi alisema, halafu akarudi kukaa palepale kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Kuna tangazo limebandikwa mtaa mzima: kuanzia Jumatatu ya tarehe 25, mbwa atakayekutwa barabarani bila mtu atapigwa risasi. Siwezi kumfunga mnyororo. Akiuona tu anajikojolea. Lori la pumba linaondoka kwenda Kongwa Jumamosi ya tarehe 23. Edina alikuja kumwona, akamfungua kinywa, akazitukana mbavu zake, akamzunguka mara mbili, akasema mbwa huyu fisi watamjua. Kisha akanyoosha mkono kuomba karatasi. Sikuwa nayo. Uhai wa mbwa huyu kwa sasa ni sahihi moja.

Kumtafuta mwenyewe kulinisumbua. Kwenye daftari la mtaa kiwanja kile bado kimeandikwa jina la mzee aliyekiuza, naye ni marehemu. Tarehe 28 Oktoba niliandika habari gazetini: siku, saa, vipimo, ndoo. Watu walipiga simu kwa hasira. Nilimaliza kwa sentensi moja, kwamba jina la mwenye mbwa likipatikana litaandikwa. Fahadi, mhariri wetu, akanitengea nafasi ukurasa wa tano, Ijumaa hii.

Jana Anastazia alirudi kutoka mafunzo, akanifungulia daftari la chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwezi Septemba. Ihumwa ilikuwa na mbwa mia mbili na kumi na wawili. Nilisoma wote. Walioitwa Simba walikuwa thelathini na wanane, Komando kumi na mmoja. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na dume wa njano, mguu wa mbele wa kushoto mweupe, pagale juu ya reli. Jina la mbwa, Jenereta. Jina la mwenyewe, Mbaruku Abdulnasiri.

Anastazia alilisoma jina hilo, akatazama kitambulisho changu cha kazi kilichoning'inia kifuani, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Kiwanja hicho hukuwahi kutupeleka, na ulituambia ulikiuza mwaka juzi. Mama alimwombea dua aliyekinunua. Kama ulificha mbwa ili Mama asijue, au ulificha kiwanja ili sisi tusijue, hilo unalijua wewe, wala silitafuti. Ninalolitafuta ni hili. Jumapili ya tarehe 20, baada ya Alasiri, ulipiga simu. Nimeangalia kwenye simu yangu: dakika kumi na moja. Ulieleza ukungu mlioupita Mbeya, ulieleza nyumba mliyopewa, ukauliza kama maji yanatoka Nzuguni. Mama alikuambia yanatoka, ukasema alhamdulillahi. Saa hiyo mbwa wako alikuwa kwenye siku yake ya tatu akiparura sakafu. Hukumtaja, Kaka. Neno moja lingetosha. Ningechukua bodaboda nikafika kabla Mama hajamaliza kukuombea.

Najua utasema ulisahau, au ulidhani umeshaisogeza, au ulikusudia kumwambia mtu. Nakuamini. Anayetaka kuua hajazi ndoo. Na hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote, kwamba uliijaza. Ulifanya kazi yote, ukabakiza sentimita arobaini kwa sababu ya kanzu, ukaenda kusimama safu ya mbele.

Sasa nikuambie na langu, kwa kuwa nimeahidi kueleza kila kitu. Nilimwomba Anastazia afunge daftari. Nikaenda ofisini, nikamwambia Fahadi kwamba ukurasa wa Ihumwa umeliwa na mchwa, kwa hiyo aniongezee wiki moja. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza, dada Rukaya, siku hizi mchwa wa Dodoma wanachagua ukurasa? Chumba kizima kilicheka. Nusu ya waliocheka nimewafundisha kazi mimi, nikiwaambia kwamba mwandishi anayeficha jina la mtu akachukue mshahara wake kwa mtu huyo. Nikacheka nao. Huo ni uongo wangu wa kwanza wa kazini katika miaka ishirini na sita, na umenifanya niuseme mbele ya watoto niliowalea. Usidhani niliusema kwa ajili yako. Jina la pili kwenye daftari lile ni la Baba.

Niliporudi nyumbani mbwa alikuwa amelala chini ya kamba ya nguo. Nikaita, Jenereta. Aliinuka kwa miguu yote minne. Hakunitazama mimi niliyemwita. Alitazama geti, mkia ukienda, akaendelea kulitazama, na mimi sikuweza kuendelea kusimama pale.

Mama alikuwa barazani akichagua mchele. Mkono ukasimama. Akauliza mbwa huyo kapewa jina hilo na nani. Katika nyumba ya Abdulnasiri kuna mtu mmoja tu aliyewahi kumwita beberu Trekta na jogoo King'ora, na alikuwa na miaka tisa. Mama aliendelea kuchagua mchele.

Basi, ile karatasi ndiyo hiyo nyuma. Andika jina lako kamili, tarehe, na sahihi kwa kalamu ya wino. Mpe dereva huyuhuyu, anageuza keshokutwa yake. Inatakiwa iwe mkononi mwangu kabla ya Alhamisi ya tarehe 21. Ukisaini, Jenereta atapanda lori Jumamosi kwenda kuwalinda mbuzi wa Edina, na mimi nitabaki na mchwa wangu mpaka nistaafu. Usiposaini, atauruka uzio tena, na watakaokuja na bunduki watamkuta palepale mbele ya geti lako. Habari hiyo nitaiandika mimi, itakuwa na jina, na ukurasa wa kumi na mbili utaonekana mzima. Usiyachukue haya kama vitisho. Unajua ninavyofanya kazi.

Wala usinipigie kuniomba radhi. Aliyefungwa hakuwa mimi.

Mwambie Shemeji Salma kwamba fundi amemaliza vitenge vyake, nimevituma kwenye basi hilihili, mfuko wa buluu. Mbusu Yusra kwa niaba ya shangazi yake, na mwambie asome.

Mama anakusalimu sana. Leo asubuhi nilimsomea barua hii yote. Hakuongeza wala hakupunguza, ila ameniagiza swali moja, nami naliandika kama alivyolitamka: anataka kujua kama Ijumaa ile udongo ulikuwa umekwisha Ihumwa.

Ni mimi mdogo wako,
Rukaya Abdulnasiri